Chombo Kichafu Hula Upepo

Mwenye kufika Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, wakati wa bamvua, ataona majahazi yamekaa juu ya mchanga, yameegemezwa magogo ubavuni, na watu wamechutama chini yake wakikwangua mbao. Mimi nalikwenda huko kutafuta sababu ya jambo lililonipata safarini. Mashua iliyotuchukua kutoka Faza ilikuwa na upepo mwema na tanga zima, lakini ilijikokota hata maji yakapwa kabla hatujapita mlango wa Mkanda. Tukakwama mpaka maji yalipojaa tena, na samaki wa abiria mmoja wakaoza.

Nilipomweleza fundi mmoja mzee, alinishika mkono akauweka juu ya mbao za chombo kisichosafishwa. Nikagusa utelezi, kisha mwani, kisha makaya madogo yaliyonikwaruza. "Mwanangu," akasema, "hayo ndiyo yaliyokula upepo wenu."

Maneno yake ni kweli. Maji yaliyo karibu na mbao huvutwa pamoja na chombo. Mbao zikiparuza, maji mengi zaidi huvurugika, na nguvu ya tanga hupotea huko badala ya kusukuma chombo mbele. Kwa chombo kiendacho polepole, kizuizi hiki ndicho kikubwa kuliko vyote.

Katika miaka ya 1870, Mwingereza William Froude alilipima jambo hili huko Torquay. Alikokota mbao ndefu majini, nyingine zimepakwa vanishi, nyingine zimegandishwa mchanga. Akaona kwamba ubao wa mchanga ulitaka nguvu karibu mara mbili ya ule wa vanishi.

Mafundi wa pwani walilijua hilo kwa mikono yao. Maji yakipwa hukwangua chombo, huwasha makuti chini yake ili kuunguza mwani na wadudu watoboao mbao, huziba nyufa kwa kalafati, kisha hupaka deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Sehemu isiyozama hupakwa sifa, mafuta ya papa. Kazi hiyo hufanywa kwa haraka, maana bahari hairudi kwa hiari ya fundi. Wala si lazima chombo king'ae kama kioo. Ubao ukiisha kuwa laini, kuusugua zaidi hakuongezi mwendo wa jahazi. Lililo kubwa ni usafi, na usafi haudumu.

Msomaji aliye mkulima atafahamu upesi. Plau yenye kutu hushikwa na udongo na kuwachosha ng'ombe, lakini iliyong'aa hupita vema katika shamba lile lile.

Nahodha wetu alikuwa ameahirisha kazi ya siku moja ili asikose nauli. Nauli aliipata, hasara ikamwangukia mwenye samaki.