Pindo la Inchi Nne

Baba alikuwa na sharti moja kwa kila sare ya shule iliyopita kwenye cherehani yake: pindo la inchi nne. Mzazi akilalamika kwamba kitambaa kinaliwa bure, alimjibu kuwa mtoto wa kijijini hurefuka polepole, ila hurefuka muda mrefu. Mimi nilikuwa na miaka 12, nikiandika vipimo kwenye daftari barazani kwa duka moja la Mafinga, na nilidhani hayo ni maneno ya kumtuliza mteja.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Linaanza 1987. Jina, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa sketi. Wateja walitoka pande mbili: watoto wa watumishi na wenye maduka wa pale mjini, na watoto wa vijiji vya juu, huko kwenye mashamba ya chai na misitu ya misonobari. Darasa moja, umri mmoja, lakini sketi ya binti wa kijijini ilikuwa fupi kwa inchi mbili, mara nyingine tatu. Hilo kila mtu aliliona kwa macho. Lisiloonekana bila daftari ni namna walivyokua. Mabinti wa mjini walijirusha juu mapema kwa miaka miwili mitatu, wakavunja ungo, kisha safu yao ya urefu ikasimama. Wa kijijini walikuja kwa baba kushushiwa pindo wakiwa na miaka 17, hata 18, umri ambao wenzao walikuwa wameshasahau kuna kitu kinaitwa kurefuka. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mwili uliokosa lishe huchelewesha balehe na kuvuta muda wa kukua, kama mdaiwa anayeomba aongezewe siku. Mara nyingi deni haliishi lote. Baba hakuvuka darasa la nne, na hilo alilijua kwa mkasi.

Alijua na jambo jingine. Baadhi ya mabinti wa milimani hawakuweza kufunga kifungo cha juu cha shati. Rovu. Baba alikuwa akilegeza kola bila kumuuliza binti swali lolote, ili asimwaibishe mbele ya wenzake. Kisha vikaja vidonge vya madini joto, na katika miaka ya 90 chumvi yenyewe ikaanza kutiwa madini hayo. Kufikia wakati naondoka Mafinga, kola za kulegeza zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Nalitaja hili kwa sababu linanipa moyo kila ninapokata tamaa: kuna kilichowahi kuondoka kwenye shingo za watoto wetu, na kiliondoka kwa chumvi.

Chakula hakikukosekana kule juu. Hapo ndipo mgeni hutatizika. Kijijini kwa bibi kihenge kilikuwa kimejaa mahindi, maharage yanastawi, kuku wanatembea uani. Lakini maharage yalikuwa ya kuuza, mayai yalikuwa ya kuuza, na maziwa yaliteremka Mafinga kwa baiskeli. Mtoto alibaki na uji wa mahindi matupu asubuhi, na jioni ugali kwa mboga za majani. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika, nao watoto walionjeshwa. Mama ameondoka alfajiri kuchuma chai, anarudi giza limeingia; anayepika ni dada wa miaka kumi. Binti aliyefikia umri wa kukua ndiye pia anayechota maji, anayebeba kuni na anayelima, na ndiye anayepakua chakula akijipakulia mwisho.

Mizani iliwahi kufika pale. Mwishoni mwa 1983 mkoa wa Iringa ulianza mpango mkubwa wa lishe, kwa msaada wa UNICEF, WHO na serikali ya Italia, ukianzia vijiji 168. Nakumbuka mizani ikining'inia kwenye tawi la mti, watoto wametiwa kwenye kaptula zake wakilia, na kijiji kizima kikijadili kwa sauti nani yuko kwenye rangi ipi ya kadi. Utapiamlo mkali ulipungua sana, na wazee wa kule bado wanazisimulia siku hizo kwa heshima. Lakini walipimwa uzito, na walipimwa walio chini ya miaka mitano. Ukivuka hapo hukupimwa tena na mtu yeyote, mpaka upate mimba au uende jeshini. Katikati ya hapo, miaka kumi na zaidi ambayo mwili unajijenga upya, aliyekushikia futi ni fundi cherehani peke yake.

Mwaka 1996 nilihamia Dar es Salaam, nikapata kibanda Tandika. Mwanzoni niliuona ubora wa mjini ule ule: watoto warefu, dagaa nyumbani, matunda kwa mafungu, shule ya kutembea kwa miguu. Miaka kumi baadaye hivi, safu ya kiuno ikaanza kwenda peke yake. Urefu umesimama, kiuno kinapanda. Nikaanza kutia lastiki kwenye kila sketi. Mzazi anatoka usingizini saa kumi kuwahi daladala, mtoto anaachiwa hela mkononi, na hela ile inatosha chipsi kavu au soda na andazi, samaki haimnunui. Nilishona sare za mabinti wawili wa ua mmoja, mmoja mnene, mwingine mwembamba mwenye viganja vyeupe kwa upungufu wa damu, na wote wawili walikula kwenye kibanda kimoja.

Nilirudi Mafinga 2016, baba alipofariki, nikabaki. Shule za kata zimejaa, jambo nililolifurahia kwa dhati. Lakini zile zilizo mbali zimezaa geto: binti wa miaka 14 amepanga chumba na wenzake wawili, ana debe la unga kutoka nyumbani, na wiki ikifika katikati ugali unashushiwa na chumvi. Milimani, parachichi zinapakiwa kwenda ng'ambo.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Dar es Salaam ni asilimia 18. Iringa, ghala la taifa, ni zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliokusanya vipimo vya watoto na vijana milioni 71 duniani: katika nchi nyingi, kimo alichomzidi mtoto wa mjini mwenzake wa kijijini kimepungua tangu 1990. Ila katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara, wavulana wa vijijini hawakurefuka, na huenda wamepungua. Nilifungua daftari la baba kwenye kurasa za suruali, nikaliweka kando ya langu la sasa. Nilikaa nazo mpaka taa ikazimwa.

Januari iliyopita alikuja mama mmoja wa kijiji cha juu na bintiye wa darasa la saba. "Kamwene, fundi." Nikamfahamu: jina lake limo kwenye daftari la 1989, naye akiwa darasa la saba. Nilimpima binti, nikaandika, kisha nikafungua kurasa za zamani. Urefu wa sketi wa mama na wa mwana ulikuwa sawasawa.

Sikumwambia. Aliniuliza bei, akafungua kitambaa, akahesabu noti ndogo ndogo za trei mbili za mayai aliyoyauza asubuhi ile sokoni. Nilipomwambia alipe nusu, na trei inayofuata ibaki nyumbani ampikie mtoto, alinitazama kwa muda.

"Haya, fundi," akasema. "Lakini pindo uache la inchi nne, kama la baba yako."