Maneno Haya, Nani Atayajibia?

Kila mwaka, mvua ikikaribia kwisha, chama chetu hufanya usiku mmoja wa masimulizi na michezo ya kuigiza, na kila mwaka tunagombana juu ya mchezo gani utapandishwa jukwaani. Safari hii ugomvi ulikuwa wa namna nyingine. Vijana wetu wawili, wanafunzi wa universite, walileta karatasi nne zilizopigwa vizuri, bila kosa hata moja la herufi. Ulikuwa mchezo wa mama mjane, mashemeji zake, na nyumba aliyoachiwa na marehemu. Tuliwapongeza. Jambo la nyumba ya mjane linajulikana kwetu sote. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inamlinda mama huyo asitolewe nje, lakini sheria iko kwenye karatasi na jamaa wako mlangoni. Wengine kati yetu tumekwisha kukaa katika mikutano ya jamaa ya namna hiyo, na si kila mara tulikaa upande mzuri.

Mzee wetu, aliyecheza jukwaani miaka mingi kuliko sisi wote, alivaa miwani akaanza kusoma sehemu ya mjane kwa sauti. Alipofika karatasi ya pili, aliivua.

– Bana bangu, huyu mama iko anaongea na nani?

– Na bashemeji yake, Papa.

– Hapana. Mutu banamunyanganya nyumba, hasemake “ninasikitishwa sana na jambo hili”. Nani alimusikia akisema vile? Ni mama ya wapi?

Vijana walitazamana. Kisha mmoja alisema ukweli: mchezo uliandikwa na telefone. Yaani, na ile mashini ya kuzungumza iliyo ndani ya telefone, ambayo mtu anaiuliza neno nayo inamjibu kurasa nzima. Waliielezea habari, wakaiambia kwamba mama huyo anakaa Kenya. Basi mashini ikamjengea nyumba Nairobi! Komini yetu ya Kenya, pamoja na soko lake na vumbi lake, haikuijua. Vijana walisahihisha majina ya barabara, lakini kwenye karatasi ya tatu shemeji alikuwa bado anadai shilingi.

Tulicheka sana. Lakini tulipomaliza kucheka, ulizo la mzee lilikuwa bado liko mezani: nani alimsikia?

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma, kila mtu kwa nguvu zake, na tumeshangaa kuona kwamba ulizo hilo linawasumbua pia wataalamu wakubwa. Tena si wale wa ordinatere peke yao. Wanafalsafa wa akili, wanaisimu na watu wa teatre wamejikuta wanazunguka moto mmoja. Pengine haishangazi, maana jambo hili lilianza kama mchezo. Mwaka 1950, Mwingereza Alan Turing aliona kwamba ulizo “mashini inaweza kufikiri?” halina mwisho, akaweka mchezo mahali pake. Watu wamefichwa, majibu yanakuja kwa maandishi, mmoja anajifanya yule asiye, na mwulizaji anapaswa kugundua. Mwanzoni kabisa alitoa mfano wa mwanamume anayejifanya mwanamke, ndipo akaingiza mashini. Mtu yeyote aliyeona vijana wetu wakivaa pagne kucheza sehemu ya mama mkwe atauelewa mchezo huo mara moja.

Mwaka 2023, Murray Shanahan, mwalimu wa Imperial College ya London, pamoja na wenzake wawili, aliandika katika gazeti la sayansi Nature kwamba njia nzuri ya kufikiri juu ya mashini hizi ni kuzitazama kama zinacheza sehemu. Ikisema “mimi ninasikitika”, tusiseme ni mwongo, wala tusiseme kuna mtu anayesikitika. Tuseme inacheza sehemu ya mtu anayesikitika. Wanatoa mfano wa mchezo wa kukisia: unafikiri kitu kimoja kichwani, wenzako wanakuuliza maulizo mpaka wakipate. Ni ndugu wa kitendawili chetu. Sasa, ukicheza na mashini, itasema kwamba imekwisha kuchagua kitu chake. Lakini ukirudisha lile ulizo la mwisho, inaweza kukupa kitu kingine, nacho kinapatana vilevile na majibu yote yaliyotangulia. Haikuwa imeficha kitu chochote. Mtoto anayetega kitendawili ana jibu lake moyoni, na ukimpa mji ataona haya asipolitoa. Mashini inatega bila kuwa na jibu.

Mfano huo wa mchezaji tuliupenda, halafu mzee akautikisa. Alisema hivi: mchezaji anavua nguo za mchezo, anarudi kwake. Akicheza mwizi vibaya, watu wa avenue yake watamsema kesho sokoni. Mashini ikimaliza, inarudi kwa nani?

Hapo ilibidi tukumbuke mambo ya hapa nyumbani. Wasomaji wetu wenye umri wanalikumbuka kundi la Mufwankolo, lililotuchekesha kwenye redio na televisheni wakati wa Zaire. Mwaka 1986, Johannes Fabian, mtaalamu aliyefundisha zamani hapa Lubumbashi, alirudi, na siku moja alisikia mezani neno kwamba utawala unaliwa mzima. Hakulielewa. Aliwauliza wachezaji wa Mufwankolo maana yake. Wangeweza kumpa maelezo ya dakika mbili, aandike, aende. Badala yake waliamua kuutengeneza mchezo mzima juu ya neno hilo. Hawakuandika kitabu cha maneno ya kukariri. Walipatana kwanza njia ya hadithi, wakagawana sehemu, kisha kila mmoja alitafuta maneno yake wakati wa mazoezi, akimjibu mwenzake aliye mbele yake, kwa Kiswahili chetu hiki. Fabian alitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1990, na wazo lake kubwa ni kwamba yako mambo ambayo watu hawawezi kukuambia kwa kuulizwa. Wanaweza tu kuyatenda mbele yako.

Mashini ya vijana wetu ilifanya kinyume: maneno yalitangulia, na mtu hakuja kabisa.

Wazungu nao wamelijaribu. Mjini Prague, katika inchi ya Cheki, wataalamu wa lugha na ordinatere wa universite ya Charles waliungana na watu wa teatre wakaitengenezea mashini mchezo wake, ukaonyeshwa mara ya kwanza Februari 2021. Karibu sehemu tisa kwa kumi za maneno zilitoka kwa mashini. Lakini tazameni jambo hili: mashini ile ilikuwa imejifunza Kiingereza, kwa hiyo mchezo wa Wacheki ulizaliwa kwa Kiingereza, kisha ukageuzwa Kicheki. Wacheki ni watu milioni kumi, wenye vitabu na mashule ya karne nyingi, na bado walipitia mlango wa jirani. Sisi wa Katuba na Kamalondo, ambao Kiswahili chetu kinaandikwa kidogo sana, tutapitia milango mingapi? Mashini inatujibu kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kizuri, safi, na mama zetu hawajawahi kulia kwa lugha hiyo.

Mchezo wa Prague ulifanywa kwa kukumbuka miaka 100 ya mchezo mwingine, R.U.R. wa Karel Čapek, ulioonyeshwa huko mwaka 1921. Kutoka mchezo huo dunia ilipata neno “robot”. Čapek na kaka yake walilichukua kutoka neno lao “robota”, ambalo maana yake ni kazi ya lazima, ile ambayo mkulima alimfanyia bwana wa shamba bila kulipwa. Basi robot, kwa asili yake, ni mtu wa kazi ya lazima. Kwa Mkongomani, neno hilo halihitaji kamusi.

Na hapa ndipo tulipogawanyika. Mwaka 2021, mwanaisimu Mmarekani Emily Bender, pamoja na Timnit Gebru na wenzao wengine, waliziita mashini hizi kasuku: zinaunganisha maneno zilizoyaona pamoja mara nyingi, bila kujua yanasema nini. Nusu yetu tulipiga makofi. Lakini mama mmoja wa chama, aliyefundisha shule miaka thelathini, alisema: “Taratibu. Njo vile balisemaka juu ya baba zetu.” Na ni kweli. Boyi aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana wake, akisema “ndiyo, Bwana”, alihesabiwa kuwa ni kasuku. Walisema anaiga tu, hafikiri. Na yeye siku zote alikuwa anasikia, anapima, anaweka.

Aliweka nini, tunajua, maana kiko kitabu. Mwaka 1965, André Yav aliandika habari za mji wa Elisabethville kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboyi: mabwana wao, majina ya utani, kazi, mateso. Ni Kiswahili cha hapa, kilichopigwa kwa mashini bila kufuata mpango wa maneno wala wa nukta, hata msomaji anapotea. Fabian alipotaka kukitoa, mwaka 1990, macho hayakutosha. Ilibidi msaidizi wake Kalundi Mango akisome kwa sauti, na sauti ndiyo iliyoonyesha wapi neno linakatika na wapi linaanza lingine. Karatasi ilikuwa imebeba herufi tu, mpaka akatokea mtu aliyeishi ndani ya lugha ile.

Kwa hiyo hatusemi upesi kwamba kitu fulani ni kasuku. Tunauliza tu ikiwa kinaweza kutoa ushuhuda. Maboyi walitoa ushuhuda wao, na mtu angeweza kwenda kuwauliza tena na kubishana nao.

Mmoja wetu alileta habari ya John Searle, mwanafalsafa wa Marekani, aliyeandika mwaka 1980 juu ya mtu aliyefungiwa ndani ya chumba. Hajui Kichina, lakini ana kitabu cha amri: ukipewa alama hii, toa ile. Walio nje wanafikiri ndani kuna Mchina. Searle anasema mashini ni hivyo, inafuata amri bila kuelewa. Tulifikiri mara moja juu ya babu zetu katika misa ya Kilatini. Waliimba kila neno mahali pake, kwa sauti nne, na Kilatini hawakukijua hata kidogo. Je, babu alikuwa katika chumba cha Searle? Tulibishana mpaka soda zikaisha. Mwishoni wengi tulikubali kwamba babu hakujua maneno, lakini alijua anafanya nini: alikuwa anaomba, mtoto wake ni mgonjwa nyumbani, na alijua yuko mbele ya nani. Yule mtu wa chumbani hana hata hilo. Wachache hawakukubali. Walisema kwamba Mungu peke yake ndiye anayejua nani anaomba na nani anaimba tu.

Turudi kwenye mchezo. Mzee hakuzitupa zile karatasi nne, aliziweka chini ya kiti chake. Aliwaambia vijana wamsimulie habari kwa maneno kumi tu, kisha akagawa sehemu. Sehemu ya shemeji mkubwa alimpa mmoja wetu ambaye, miaka iliyopita, alikaa kweli katika mkutano wa namna ile na kupokea ufunguo wa nyumba isiyo yake. Mzee alilijua jambo hilo. Sehemu ya mjane alimpa mama mmoja wa chama ambaye ni mjane.

Walianza. Shemeji alizungumza vizuri mno: mila, damu, jina la ukoo, deni la sanduku la maiti. Mama hakujibu. Tulingoja asikitike kama kwenye karatasi. Alisimama, akaenda ukutani ambako hakukuwa na kitu, akanyoosha mikono, akashusha picha ya marehemu. Aliipangusa kwa kipande cha pagne yake, akamkamatisha shemeji.

– Shika. Weye njo unakuwa naye sasa. Bana bake bakilia usiku, utabajibu.

Mwenzetu alisimama, mikono imeshika hewa. Maneno yalimwishia, na hakuna aliyemsaidia.

Kijana mmoja alikuwa amenasa yote kwenye telefone yake. Sasa anataka kuyaandika na kuyapeleka kwenye intaneti, ili hata mashini zijifunze Kiswahili chetu jinsi kinavyosemwa. Anasema tukiyaficha, watoto wake watazungumza na mashini kwa Kifaransa, na kisha na wao kwa wao. Wengine wanasema maneno ya mama huyu yataenda kusemwa na mtu asiye mtu, na nani atayajibia? Hatujapatana. Mama mwenyewe tulimwuliza. Alisema wayaandike, ila wayaandike vile alivyosema, wasimtengenezee.

Kazi imeanza. Pale aliposhusha picha bila kusema neno, kijana aliandika nukta tatu, akazifuta, akaandika “anashusha picha”, akafuta tena. Tulipofunga mlango, saa mbili ya usiku, alikuwa bado ameketi barazani, telefone sikioni, anasikiliza mahali pale ambapo hakuna kitu.