Kabureta Ukingoni mwa Bonde

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana humu na vina na mizani, mofimu na viambishi, na mara kwa mara ule ugomvi wetu usiokwisha kuhusu mashairi huru. Nawaomba radhi kwa kuwaletea kabureta. Hata hivyo, siamini kwamba nimetoka nje ya uwanja wetu. Katika majuma mawili ya Desemba 2009, nikiwa nimeinama mjini Iten juu ya pikipiki mpya ya kaka yangu, nilisikia Kiswahili ambacho hakuna mhadhiri aliyewahi kunifundisha, tena kikitumiwa kwa usahihi ambao wengi wetu tungeuonea gere.

Kaka ni afisa wa mifugo. Kazi yake ilimtaka ateremke Bonde la Kerio mara tatu kwa juma, sanduku la barafu lenye chanjo za mbuzi likiwa limefungwa nyuma ya kiti, kisha apande tena jioni. Aliipata kwa bei nafuu pikipiki ya nyikani yenye injini ya mipigo miwili, ya aina isiyo na pampu ya oili. Ilifika ingali ndani ya kreti, na kabureta yake ilikuwa imepimwa kiwandani kwa ajili ya nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Iten uko mita 2,400 hivi juu ya usawa huo. Hapo ndipo penye kisa chote.

Kila mtu anajua kwamba wanariadha wa mbali huja Iten kujifunza kuhema. Shinikizo la hewa pale ni kama robo tatu tu ya lile la Mombasa, na mgeni akikimbia kilomita mbili hutamani kuketi. Injini nayo huhema. Kwa kila pumzi hupata hewa pungufu, lakini kabureta, ambayo haijui kwamba imepandishwa mlimani, huendelea kumimina petroli karibu kwa kiasi kile kile cha pwani. Petroli inazidi, hewa inapungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Siku ya kwanza pikipiki iligugumia kama mtu anayesoma barua asiyoielewa. Silensa ilitema mate meusi ya oili, na plagi ilipofunguliwa ilikuwa nyeusi na mbichi.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee mwenye karakana ya mabati karibu na barabara ya Tambach. Kaka alimwita Daktari, mimi akaniita Mwalimu, ingawa nilikuwa mwanafunzi tu, nasi tulimwita Mzee. Aliisikiliza injini kwa muda, akatikisa kichwa.

“Daktari, hii imeshiba mpaka inacheua.”

Kaka, ambaye maisha yake yote ni ng'ombe, alicheka. Nami nilichukua kalamu. Kitabu cha maelezo kilichokuja na pikipiki kilikuwa cha Kiingereza, na katika lugha hiyo mchanganyiko wenye petroli nyingi huitwa tajiri, na ule wenye petroli kidogo husemwa umekonda. Nilikuwa nimeanza kuyatafsiri maneno hayo neno kwa neno, kama tunavyofanya tunapounda istilahi mezani. Mzee hakuhitaji utajiri wala ukondefu. Kwake injini hushiba au huona njaa, na ikizidi kushiba hucheua. Sitiari hiyo ni kamili, kwani tajiri anaweza kuishi raha mustarehe na mali yake, ilhali aliyevimbiwa hawezi kukimbia.

Nilidhani angeanza kufungua kabureta papo hapo. Hakufanya hivyo. Injini ilikuwa mpya, na injini mpya, alisema, huachwa ishibe kwanza. Pistoni na silinda zilikuwa bado hazijazoeana. Basi siku ya kwanza tuliiwasha, ikapata moto, tukaizima, ikapoa kabisa. Tukarudia mara tatu. Siku zilizofuata kaka aliiendesha safari fupi fupi, akibadilisha mwendo kila mara, bila kuukaza mkono wa petroli hadi mwisho. Ilikuwa kazi ya kuchosha, nami sina la ziada la kuisimulia.

Suala la oili ndilo lililonishangaza. Katika injini ya namna hii oili huchanganywa ndani ya petroli yenyewe, nasi tulitumia sehemu moja kwa arobaini, yaani mililita 250 kwa lita 10. Kaka, kwa tahadhari ya kitabibu, alitaka kuongeza oili ili mashine isiumie. Mzee alimzuia. Kila tone la oili linaloongezwa, alieleza, linachukua nafasi ya petroli katika kile kinachopita kwenye tundu la kabureta, na oili ni nzito, hupita polepole. Kwa hiyo anayeongeza oili akidhani anaishibisha injini, huenda anaitia njaa. Ukitaka kubadilisha chakula badilisha jeti, si oili. Na kinyume chake ni kweli pia: ukiweka jeti ndogo umepunguza petroli na oili kwa pamoja, kwa kuwa vinasafiri katika mfereji mmoja.

Hilo neno jeti lilinisumbua. Kwa wengi wetu jeti ni ndege. Kwa fundi ni kipande cha shaba nyeupe au ya manjano kisichozidi ncha ya kidole, chenye tundu jembamba na namba iliyochongwa ubavuni. Kabureta ina mbili, kubwa na ndogo, na katikati ina sindano inayopanda na kushuka. Kila kimojawapo kina zamu yake. Jeti ndogo hutawala mkono ukiwa haujafunguliwa au umefunguliwa kidogo. Sindano hutawala katikati. Jeti kubwa huja mkono unapokaribia mwisho. Mzee alibandika utepe kwenye mpini na kuuchora alama za robo, nusu na robo tatu, ili kaka atakaporudi asiseme tu kwamba pikipiki “inasumbua”, bali aseme inasumbua wapi. Natamani tungekuwa na utepe kama huo tunaposahihisha insha.

Walianzia chini. Skurubu ya hewa ilizungushwa polepole huku injini ikinguruma palepale, hadi ikafika pale iliponguruma kwa kasi zaidi. Ilikuwa imefunguliwa zaidi ya mizunguko miwili na nusu, ishara kwamba jeti ndogo ilikuwa kubwa mno kwa hewa ya Iten. Ilibadilishwa kwa iliyo ndogo hatua moja, na skurubu ikatulia kwenye mzunguko mmoja na nusu. Kisha sindano: kibanio chake kilipandishwa mfuo mmoja ili sindano izame zaidi na kuibana petroli. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha safari ya majaribio. Mzee alikataa katakata kubadilisha viwili kwa mpigo. “Nikishika mawili, nitajuaje lililoponya?”

Jeti kubwa iliyotoka kiwandani ilikuwa namba 170. Kwa 160 kugugumia kulipungua sana. Kwa 155 pikipiki iliimba. Kaka aliipandisha mlima mkono ukiwa wazi, akabana klachi na kuizima papo hapo, kisha plagi ikafunguliwa ingali moto. Kaure yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kaka alifurahi, akatoa pochi.

“Bado,” Mzee akasema, akaelekeza bisibisi ukingoni mwa bonde.

Barabara ya kutoka Iten hupita Tambach, ikajipinda na kujipinda tena hadi chini Mto Kerio, ambako nchi imeteremka zaidi ya mita 1,000. Huko hewa ni nzito kuliko ya juu. Jeti iliyoishibisha injini barabara mjini Iten, bondeni itaitia njaa. Injini iliyoshiba hulalamika kwa moshi na kigugumizi, na plagi ni bei rahisi. Injini yenye njaa hailalamiki. Huimba vizuri kuliko siku zote, ikipata moto ndani kwa ndani, mpaka pistoni inashika na injini inanoki. Pikipiki ikinoki kwenye kona, gurudumu la nyuma hufunga. Mama, aliyekuwa amekuja kutuletea chai, alisikia sentensi hiyo, akaweka birika chini bila kusema neno.

Kulikuwa na nafuu moja. Bonde lina joto kali, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, hivyo tofauti ya chakula kati ya juu na chini si kubwa kama urefu peke yake unavyodokeza. Mzee aliitoa 155 na kuirudisha 160. Juu Iten, pikipiki ingecheua kidogo kila asubuhi. Chini ingekula kiasi chake. Kaka alinung'unika kwa kuwa alikuwa ameonja ile 155. Mama ndiye aliyekata shauri. Kwa ajili ya mlima wa kurudi Mzee alibadilisha sproketi ya mbele, akaweka yenye meno machache zaidi, maana nguvu ambayo hewa imeinyima injini hairudishwi na jeti yoyote.

Likabaki funzo la mteremko, na hili kaka alirudia kulisema mbele yetu kama mtoto wa chuoni. Mkono wa petroli ukiwa umefungwa kwa muda mrefu, gurudumu linaizungusha injini huku petroli haiingii ila kidogo, na oili vilevile haiingii. Kwa hiyo kila baada ya kona chache abane klachi na kuufungua mkono kwa ghafla, injini inywe, kisha aachie. Na breki azitegemee kuliko injini, kwa sababu injini ya mipigo miwili haina uzito wa kumzuia mtu mteremkoni.

Aliondoka Jumatatu alfajiri. Tulimsikia mbali kabla ya kupotea: ukimya, mngurumo mfupi, ukimya, mngurumo mfupi, kona baada ya kona. Mama alikuwa akihesabu. Karibu saa tatu simu yangu ilipata ujumbe kutoka daraja la Chebloch: “Nimefungua plagi. Chai, maziwa kidogo.” Nilimsomea Mzee. Aliuliza ni maziwa kidogo kiasi gani, na kaka aliporudi jioni plagi ilikaguliwa tena juani kabla hajaruhusiwa kuingiza pikipiki nyumbani. Ile jeti ya 155 tuliihifadhi katika kiberiti kitupu, kwa siku atakayotumwa Cherangani.