Mbili kwa Tatu

Mjomba wangu alistaafu ualimu wa shule ya msingi miaka mingi iliyopita, lakini hajaacha kusahihisha. Kila Juni huketi mbele ya televisheni yake huko Muheza, daftari mapajani, akanukuu hotuba ya bajeti tarakimu kwa tarakimu, kisha akailinganisha na ya mwaka uliotangulia. Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama, alinipigia simu akanilalamikia kana kwamba mimi ndiye waziri mwenye dhamana. Kwa hiyo mtaielewa aibu yangu ninapokiri kwamba safari hii aliyemkatia Bunge hakuwa Serikali. Alikuwa mpwa wake.

Nilikwenda kumjulia hali, wiki tatu kabla ya bajeti. Picha zilikuwa zinagandaganda, nami, kwa ujasiri wa mtu mwenye shahada tatu, nikapakua programu mpya ya risiva, nikaitia kwenye flashi na kuanza kuisasisha. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Uliporudi, risiva ilibaki na taa nyekundu tu. Flashi haikusomwa tena, kwa maana sehemu ya programu iliyojua kuisoma ndiyo iliyokuwa imefutika.

“Hakuna neno, mwanangu,” Mjomba akasema. Heri angenigombeza.

Fundi mmoja wa pale mjini alinieleza kwamba nyuma ya risiva kuna tundu la pini tisa, na kwamba kompyuta ikiunganishwa hapo huweza kuongea na kijiprogramu cha mwanzo kinachosalia hata mengine yote yakipotea. Kilichohitajika ni waya wa siriali. Mjomba hakukubali risiva iondoke nyumbani. Aliwahi kumpelekea fundi redio, na mpaka leo hajaiona. Basi nikanunua waya Dar es Salaam, pamoja na adapta ya kuuchomeka kwenye tundu la USB, nikarudi Jumamosi iliyofuata. Nikaunganisha, nikaiweka kompyuta tayari, nikawasha risiva. Kimya. Nikabadilisha kasi, nikailaumu adapta, nikailaumu risiva. Jioni nilikwisha kuihukumu kifo na kuanza kuhesabu fedha za kununua nyingine.

Kilichoiokoa ni swali la kijana mmoja wa Kariakoo, mwenye meza ya kutengenezea simu. “Shikamoo, mwalimu. Waya wako ni wa moja kwa moja au wa kupishana?” Sikujua kwamba kuna tofauti. Aligusa pini kwa mita yake: ya 2 upande huu ikalia na ya 2 upande ule, ya 3 na ya 3. Wa moja kwa moja. Kisha akatoa mwingine, wa rangi ileile na umbo lilelile, na humo ya 2 ililia na ya 3.

Kiini cha jambo hili ni cha zamani. Kanuni ya RS-232 ilitolewa Marekani mwaka 1960, na ilikusudia kuunganisha mashine na modemu. Katika tundu la pini tisa tulilozoea, kompyuta husema kwa pini ya 3 na kusikiliza kwa ya 2; modemu hufanya kinyume chake, hivyo waya ulionyooka unatosha. Lakini ukiiondoa modemu na kukutanisha mashine mbili za daraja moja, zote husema kwa pini ya 3 na zote hutega sikio kwenye ya 2. Hapo sharti nyaya zipishane. Risiva nyingine zimetengenezwa kama modemu, nyingine kama kompyuta, na kwa nje hazitofautiani. Waya sahihi kwa jirani yako waweza kuwa bubu kwako.

Nilimuuliza kama nilikuwa nimeunguza kitu. Akacheka. Kanuni ile inataka njia hizo zistahimili hata zikigusana kimakosa, kwa kuwa waliyoitunga walijua kwamba watu watakosea. Nimesoma nyaraka nyingi za ofisi zetu zisizo na ustaarabu huo. Alinionya, hata hivyo, nisiunganishe waya huo moja kwa moja na vijipini vilivyo kwenye ubao wa ndani wa risiva. Vingi hutumia volti 3.3, na hivyo huungua.

Jumamosi ya tatu nilifika Muheza na nyaya zote mbili na mita ya kuazima. Mjomba alivaa miwani, akazisoma namba zilizochongwa kando ya matundu, ndogo kama sisimizi. Risiva ikawashwa, ncha nyeusi ya mita kwenye 5, nyekundu kwenye 2: hakuna kitu. Kwenye 3: hasi volti 6 na kidogo. Panaposoma hasi ndipo risiva inaposemea. Ilisema kwa 3, kama kompyuta yangu.

“Sasa wa kupishana,” akasema Mjomba kabla sijafungua kinywa. Alifundisha hesabu miaka 30, na jambo hili lilimchukua dakika moja, kwa sababu tu limeelezwa kwa lugha yake. Kijitabu cha risiva hakikuwa na neno hata moja la Kiswahili. Nami, niliyekwisha kuhudhuria makongamano kadhaa ya uchumi wa kidijitali, sijawahi kuandika hata ukurasa mmoja ambao ungemfaa siku ile.

Tuliazima betri ya sola na inveta kwa jirani, maana umeme hatukuuamini tena. Programu ilikuwa ya megabaiti 4. Kwa kasi ya 115200 ilihitaji dakika sita hivi. Hatukuzungumza. Taa nyekundu ilizimika, ikawaka ya kijani, na picha ikaja.

Siku ya bajeti sikumpigia. Najua hapendi kukatizwa. Nilipokwenda tena niliuona waya ukining'inia msumarini karibu na televisheni, umezungushiwa kipande cha plasta chenye maandishi ya kalamu nyekundu: 2 kwa 3, 3 kwa 2.