Bastola ya Babu na Pesa za Kiwanja

Mwanaume akishapenda kitu chenye jina la ukoo wake, usimbishie kwa mdomo mtupu. Utaambiwa unadharau kwao. Mwoneshe ushahidi, na uchague pa kumwoneshea.

Mimi ni fundi wa kuchonga maandishi hapa Musoma. Vikombe vya mpira, ngao za wastaafu, majina ndani ya pete za ndoa, vyote vinapita mkononi mwangu. Ndiyo maana mchumba wangu aliposikia kuna mzee Bunda anauza bastola ya Mjerumani yenye jina la baba wa babu yake, alinitaka twende wote. Bei? Milioni nne. Na hizo milioni nne, shosti, ndizo zilikuwa pesa za kiwanja chetu.

Mzee aliitandaza juu ya kanga. Baada ya shikamoo na chai nikamwomba kwanza aifungue, maana bastola ni bastola hata ikiwa na miaka mia. Ikakunjika katikati, silinda ikatokeza, tupu. Sikuigusa. Nikainama na kioo changu cha kukuzia.

Maandishi yalikuwa ya Kijerumani: zawadi kwa askari hodari, jina lake, "Shirati 1907". Mchumba wangu macho yalimlenga machozi. Nami nikaanza kusoma chuma badala ya maneno.

Kwanza, juu ya fremu kulikuwa na jina Webley, Mark VI na mwaka 1917, vimegongwa kiwandani. Webley ilikuwa kampuni ya Birmingham, Uingereza, na Mark VI iliingia katika jeshi la Mwingereza mwaka 1915. Sasa Mjerumani wa 1907 angeipata wapi? Na mwaka huo wa 1917 Mwingereza na Mjerumani walikuwa wakiuana katika ardhi yetu hii hii!

Pili, tahajia. Wajerumani walikuwa na kituo Shirati kweli, lakini wao waliandika Schirati. Hii ilikuwa imeandikwa kama tunavyoandika sisi leo.

Tatu, hapo ndipo kazi yangu ilipo. Patasi ya mkono huacha mkato unaoanza mwembamba, ukanenepa, kisha ukachongoka. Mashine huacha mfereji wa upana mmoja, na ncha za herufi huwa za mviringo. Hizi zilikuwa za mashine. Tena zilikatiza juu ya vishimo vya kutu, na kwenye kona chuma kilikuwa bado kinang'aa chini ya uchafu mweusi uliopakwa. Kutu ilitangulia, herufi zikafuata. Bastola ilikuwa ya zamani kweli, maandishi ndiyo yalikuwa mapya.

"Unaonaje, mama?" akaniuliza. Nikamjibu kuwa tutaongea njiani. Mwenzako humvui nguo mbele ya watu. Tulimuaga mzee vizuri, tukamshauri ende polisi na chombo chake, maana silaha bila kibali ni kesi, iwe ya babu au ya jana.

Kwenye basi nikamweleza yote, moja baada ya jingine. Alinisikiliza, akageukia dirisha. Siku nne hakupokea simu zangu. Niliumia jamani, lakini sikumfuata na meseji za kumbembeleza, wala sikumwambia nilijua tu.

Siku ya tano akaja mwenyewe. "Twende Butiama kwa bibi," akasema. Tulipofika, bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Bastola? Nani ampe mpagazi bastola, mjukuu wangu? Baba mkwe wangu alibebeshwa mizigo na Waingereza. Alirudi na kovu begani, basi."

Mchumba wangu akanyamaza. Alikuja kutafuta shujaa, akakabidhiwa mpagazi. Nami nikamkumbusha Kariakoo pale Dar es Salaam: jina lile limetokana na hao hao wapagazi, Carrier Corps ya Vita vya Kwanza. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko risasi, na hakuna aliyewachongea majina kwenye chuma. Wako alirudi nyumbani akazaa, ndiyo maana wewe upo hapa.

Akatoa simu, akaanza kumrekodi bibi. Walikaa saa mbili. Jioni tukapita Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa pale Butiama mwaka 1999, tukatazama zawadi alizopewa Mwalimu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ya kwetu ni lile kovu."

Kiwanja tumeshalipia. Ile sauti ya bibi imehifadhiwa kwenye simu zetu zote mbili.

Nawe dada, mwenzio akitaka kununua kumbukumbu ya ukoo, msiangalie jina peke yake. Linganisheni mwaka wa chombo na mwaka wa maandishi, tazameni kutu iko juu au chini ya herufi, ulizeni habari za kibali. Ila kabla ya yote hayo, kaeni na bibi angali hai. Yeye hauzi, na anajua zaidi ya chuma.