Nilimwua Edwina

Daftari langu la riwaya lilikuwa na kurasa 40, na katika ukurasa wa mwisho mwanamke wa Kizungu anakata roho kwa homa. Nilikiandika kifo kile usiku mmoja, umeme wa Chamazi umekatika, tochi ya simu nimeiegemeza kwenye kikombe. Nikajisemea, hapa bwana, nimepatia!

Mwanamke huyo si wa kubuni. Alizaliwa Provo, Marekani, mwaka 1904, akaitwa Josephine Constance Woodruff. Kwenye sinema akawa Edwina Booth. Aliingia kazini sinema bubu zikielekea ukingoni. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ikamleta Afrika Mashariki kucheza Trader Horn. Walipiga picha Kenya na Uganda, jua kali, mbu tele, naye kavalishwa vazi la kufunika mwili nusunusu. Akarudi kwao mgonjwa. Filamu ilipotoka mwaka 1931 ikashindania Oscar. Yeye akaugua kwa miaka. Aliishtaki kampuni akidai zaidi ya dola milioni 1, wakamalizana nje ya mahakama. Kazi yake ya uigizaji ikafa, na watu wakavumisha kwamba na yeye kafa.

Uvumi ule ndio niliokutana nao kwanza, nikaupenda. Nikamsomea dada.

"Mdogo wangu, una hakika alikufa?"

"Dada, hii ni riwaya."

Akanyamaza kidogo. "Mwaka jana nilipolazwa na malaria, majirani walishaanza kuulizana nitazikwa wapi. Niliwasikia. Wewe hujui inavyouma."

Nikaenda kutafuta upya. Edwina alifariki mwaka 1991, akiwa na miaka 86! Miaka yote hiyo alikuwa akilitumikia kanisa lake, hataki kuizungumzia ile filamu.

Tena kulikuwa na Mutia Omoolu, Mkenya aliyecheza kama mbeba bunduki wa Horn, akapelekwa hadi Hollywood kumalizia kupigwa picha. Katika kurasa zangu 40 sikumtaja hata mara moja. Mimi, mtoto wa Temeke!

Nimeuchana ukurasa wa 40. Sasa natakiwa kuandika miaka 60 ya mtu aliyeamua kukaa kimya, na kusema kweli, wenzangu, sijui nianzie wapi. Kumwua ilinichukua usiku mmoja tu.