NILIMFUTA BABA MDOGO KIKOHOZI: Haya Mambo ya Rimiksi Yasikie Tu kwa Mwenzio

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani wala nani kanunua gari la mkopo. Leo nina la kwangu mwenyewe, limenikaa kifuani muda mrefu, na nalianika hapa kwa sababu naona watu wanagombana juu ya kitu ambacho mimi kilishanigharimu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kuna albamu ya zamani ya ala tupu. Haina mwimbaji, ni magitaa, vinanda na kengele tu. Watu wameipenda miaka na miaka. Siku moja mwenye albamu anarudi studio, anaipanga upya, anaisafisha, anaitoa tena. Nusu ya mashabiki wanashangilia, nusu wanalia kama wamefiwa. Nani yuko sahihi?

Najua kuna mtu ameshasema, "Acheni hizo, ngoma ni ngoma, bora iwe na mdundo." Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ngoja niwape kisa.

Ngoma ya mashetani

Nikiwa darasa la nne, mtaani kwetu Mbagala kulikuwa na kibanda umiza. Shilingi mia mbili, unakaa kwenye benchi, DJ anakutafsiria filamu. Siku hiyo waliweka The Exorcist, ile ya mtoto wa kike aliyepandwa na shetani. Sikutakiwa kuwa mle, lakini nilikuwamo. Humo ndani kuna kipande kifupi cha muziki wa kinanda, kinajirudiarudia kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. DJ mwenyewe alinyamaza kidogo kikipita. Usiku sikulala.

Wiki haijaisha, natoka shule nasikia kitu kile kile kinatoka chumbani kwa baba mdogo. Nikatupa begi, nikakimbilia kwa mama mdogo jikoni. "Mama mdogo, humo ndani kuna shetani!"

Baba mdogo alikuwa fundi redio. Alicheka mpaka akakohoa. Akanikalisha kitini, akanambia, "Mwanangu, ngoma hii haikutungiwa shetani. Filamu imeikuta njiani ikapanda." Akairudisha kanda mwanzo, tukaisikiliza yote.

Ndiyo nikaijua Tubular Bells. Jina lenyewe ni la zile kengele ndefu kama mabomba ya maji, zinazopigwa kwa nyundo. Aliitengeneza kijana wa Kiingereza, Mike Oldfield, akiwa na miaka 19, na karibu kila ala alipiga mwenyewe, anarekodi moja juu ya nyingine. Ilitoka Mei 1973 na ndiyo albamu ya kwanza kabisa ya kampuni ya Virgin. Upande mmoja wa santuri ni ngoma moja tu, dakika kama 25. Ile ya kutisha ni mwanzo tu. Ukivumilia, inafunguka kama mtu aliyefungua dirisha asubuhi.

Mwisho wa upande wa kwanza kuna jamaa anataja ala moja moja zinavyoingia. Anataja kinanda, besi, mandolini, gitaa, mpaka mwisho kabisa kengele zenyewe. Ana sauti ya kibwanyenye, kama mshereheshaji wa harusi ya matajiri. Baba mdogo alikuwa anamwigiza. Tukikaa kula anasimama na mwiko: "Na sasa... sufuria la ugali! Na sasa... dagaa!" Halafu anagonga birika kwa kijiko. "Kengele!"

Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu.

Sauti si yake

Baba mdogo alifariki 2019. Wiki ya kwanza baada ya mazishi nilikuwa silali, nikasema ngoja niisikilize ile ngoma. Kanda ilishapotea kwenye kuhama hama. Nikanunua bando, nikaandika jina kwenye simu. Zikaja nyingi. Nikabonyeza moja bila kuangalia mwaka.

Wadau, ilikuwa safi kinoma. Kila uzi wa gitaa unausikia peke yake. Nikasema kumbe ile kanda ya baba mdogo ilikuwa imechoka namna hii! Nikavaa hedifoni vizuri, nikangoja yule mshereheshaji.

Akaingia mtu mwingine.

Nilirudisha nyuma mara tatu nikidhani ni simu. Ala ni zile zile, anataja kwa mpangilio ule ule, lakini sauti si yake. Nilihisi kama nimegonga mlango wa kwetu akanifungulia mpangaji mpya.

Ndipo nikaanza kusoma. Kumbe ile ilikuwa Tubular Bells 2003, Oldfield ameirekodi yote upya miaka 30 baadaye. Mshereheshaji wa kwanza, Vivian Stanshall, alikuwa ameshafariki mwaka 1995, kwa hiyo mpya akawekwa mwigizaji John Cleese. Halafu kuna miksi nyingine ya 2009, Oldfield amechukua zile rekodi za zamani akazipanga upya. Halafu mwaka 2013 kuna Tubular Beats, ameshirikiana na York, ngoma zake zimewekewa midundo ya klabu. Ngoma ya kibanda umiza inachezwa disko!

Kambi tatu

Mashabiki wake nao hawapatani hata kidogo. Ukiwasikiliza sana unaona kambi tatu.

Kambi ya kwanza wanasema ya mwaka 1973 ndiyo ngoma, mengine biashara. Wanajua mpaka makosa yalipo. Pale ala haijakaa sawa, pale kidole kimechelewa. Wanayapenda hayo makosa kama mtu anavyopenda pengo la mkewe.

Kambi ya pili wanasema jamani, sasa ndiyo tunasikia. Kuna vitu vilikuwa vimezikwa chini miaka yote. Mtu umeishi na ngoma tangu ujana halafu siku moja unagundua kuna gitaa lilikuwa linakuongelesha hukuwahi kulisikia. Hiyo nayo ni raha, tusidanganyane.

Kambi ya tatu ni vijana. Hawajui mwaka 1973 ni nini. Wameikuta kwenye mdundo, wakaipenda, baadhi yao wakarudi nyuma kutafuta mama yake.

Halafu kuna mwenye ngoma, ambaye watu wanamsahau. Upande wa kwanza ule aliurekodi ndani ya wiki moja tu, kwenye nyumba kubwa ya shamba huko Oxfordshire waliyoigeuza studio. Wiki moja! Dogo wa miaka 19! Miaka yote watu wanalia kwa furaha, yeye anasikia makosa. Nani atamkataza kurudi kurekebisha kazi yake? Fundi nguo akiona mshono umepinda anaufumua, hata kama mteja hajalalamika.

Na si huyu peke yake. Miles Davis alirekodi Kind of Blue, New York, mwaka 1959. Ngoma tatu za upande wa kwanza zilitoka zikiwa zimekwenda juu kidogo ya noti zake, kwa sababu mashine ya kurekodia siku ile ilizunguka taratibu kuliko kawaida. Dunia ikaipenda hivyo hivyo zaidi ya miaka 30, wanamuziki wakajifunza kwa kuifuata, mpaka miaka ya 1990 ilipotolewa kwa kasi sahihi. Sasa fikiria wewe uliyeizoea. Sahihi inakuwa ngeni, kosa linakuwa nyumbani.

Mpaka hapo nilikuwa nasema kila mtu ana haki yake, tuishi tu. Kilichonigeuza ni Hergest Ridge.

Hiyo ni albamu ya pili ya Oldfield, ya mwaka 1974, jina la kilima kilichopo mpakani mwa England na Wales. Ilishika namba moja Uingereza. Mwaka 1976 akaipangilia upya, akapunguza vitu, na akaamua kuanzia hapo ile miksi mpya ndiyo itumike. CD zilipokuja, zote zikawa na ile mpya. Aliyetaka ya mwaka 1974 alibaki na santuri yake, ikikwaruzika imekula kwake. Mpaka mwaka 2010 ndipo ile ya kwanza ikarudishwa kwenye toleo maalumu. Miaka 34 hiyo, wadau! Mtu ameoa, amezaa, amepata wajukuu, anasubiri kusikia ngoma aliyoinunua kwa hela yake.

Hapo niliacha kuwacheka wanaolia. Hawalii kwa sababu kuna mpya. Wanalia kwa sababu ya zamani imefichwa.

Sasa naingia mimi

Haya yote ya Hergest Ridge nimeyasoma baadaye. Laiti ningeyasoma mapema.

Baba mdogo naye alikuwa anapiga gitaa. Si msanii, hakuwahi kupanda jukwaani. Jioni akimaliza kuchomelea redio za watu, anacharaza. Aliacha kanda moja aliyojirekodi chumbani, upande mmoja, nyuzi tupu. Kama Oldfield wake, tuseme, ila wa Mbagala.

Mimi nilishamaliza kidato cha nne, matokeo mnayajua wenyewe, nikawa kwenye kibanda cha kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na kujifunza kutengeneza biti kwa kompyuta ya bosi. Arobaini ilipokaribia nikapata wazo. Nitaitengeneza kanda ya baba mdogo, niipige siku hiyo, watu wamkumbuke.

Nikaichomeka kwenye kompyuta, nikaiingiza. Rekodi ilikuwa na makelele balaa. Mvua inapiga bati. Kikohozi chake, kile kile. Katikati anaacha kupiga, anamwita mama mdogo afunge dirisha, halafu anaendelea pale pale alipoishia. Mimi prodyuza bwana! Nikafuta mvua. Nikafuta kikohozi. Nikakata pale anapoita, nikaunganisha, huwezi kujua. Nikaweka ngoma nzito chini na besi. Ikawa hit.

Kompyuta ilikuwa imejaa, bosi anafoka. Nikafuta faili la kwanza. Nikajiambia kanda si ipo? Kesho yake nikaichomeka kanda kumsikilizisha rafiki yangu, redio ikaitafuna. Ikatoka imejisokota kama tambi.

Sikushtuka. Nilikuwa na rimiksi.

Siku ya arobaini, baada ya ibada na chakula, nikaipiga. Vijana wakainuka. Wajomba wakatikisa vichwa, "Huyu mtoto ana kipaji." Nikamtafuta mama mdogo kwa macho. Alikuwa ameinuka anaingia ndani.

Nikamfuata. Alikuwa amekaa kitandani, halii.

"Umemtengeneza vizuri, baba," akanambia. "Ila kikohozi chake umekipeleka wapi?"

Nikakosa cha kusema.

"Na pale aliponiita?"

Wadau, mwezi mmoja nyuma nilikuwa namnung'unikia mzungu wa watu kwa kubadilisha mshereheshaji. Na yeye ya kwanza ipo, unaandika mwaka 1973 unaipata. Mimi nilichofuta hakipo popote duniani.

Kilichobaki

Ile kanda nilihangaika nayo. Fundi mmoja mzee, rafiki yake marehemu, aliinyoosha kwa uvumilivu, akakata palipoharibika, akaunga kwa gundi ya karatasi. Tukaokoa dakika sita hivi. Mvua ipo. Kikohozi kipo, mara mbili. Pale anapoita hapakuokoka.

Nikampelekea mama mdogo flashi yenye mafaili mawili. Moja nimeliandika RIMIKSI, lingine YA KWANZA, USIGUSE. Nilitegemea hilo la rimiksi asilifungue kabisa. Siku moja napita kwake nasikia mdundo wangu unapiga, kuna wageni wa kikoba, wanacheza. Nikamwangalia kwa kushangaa.

Akasema, "Hii naweka wageni wakija, inachangamsha. Ile ya kikohozi nasikiliza mwenyewe."

Mimi ugomvi wangu wa rimiksi uliishia hapo. Tengeneza mpya, weka mdundo, safisha, cheza nayo, hata klabu ipeleke. Ila ipe jina lake, na ya kwanza iache mahali ambapo mtu akiitaka usiku wa manane ataipata. Kwa sababu unachokiita kelele, kuna mtu kwake hicho ndicho wimbo wenyewe.

Na wewe unayesoma hapa una sauti ya mzee wako kwenye simu, ina majogoo na pikipiki zinapita: kabla hujaisafisha, tengeneza kopi. Mbili. Leo leo.

Haya, niambieni. Ngoma gani ya zamani waliigusa ukaumia? Au ipo iliyoguswa ikawa bora zaidi? Dondosheni hapo chini, nazisoma zote.